Nyungunyungu: Mmoja kumbe ni wawili

Kwa muda wa miaka 250 na ushei, nyungunyungu mkubwa wa bustani na malisho ya Ulaya alijulikana kwa jina moja la kisayansi, Lumbricus terrestris. Ndiye aliyechorwa katika vitabu vya baiolojia, ndiye aliyepasuliwa mezani na vizazi vya wanafunzi, na ndiye anayeuzwa kwa wavuvi wa ndoana kama chambo.

Mwaka 2010 watafiti kutoka Marekani, Kanada, Ufaransa na Uswidi walitangaza kwamba jina hilo lilikuwa limewafunika wanyama wawili tofauti.

Kwa kuwatazama, wanyama hao hawatofautiki. Umbo lao ni lile lile na viungo vyao vya uzazi vimekaa mahali pale pale. Wanatofautiana kidogo kwa ukubwa tu, na hata hapo wakubwa wa upande mmoja hulingana na wadogo wa upande wa pili. Tofauti yao halisi imo katika vinasaba.

Kwa asiye mtaalamu, habari hiyo yaweza kuonekana ndogo. Nyungunyungu ni nyungunyungu, na kazi yake ni kurutubisha udongo. Lakini vipimo vya sumu za mashambani, biashara ya mboji na ulinzi wa misitu hutegemea jibu la swali moja la awali: huyu aliyeko mkononi ni nani hasa?

Jina lina uzito gani?

Wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya spishi 5,000 za nyungunyungu duniani, na kila mwaka nyingine huongezeka. Wanyama hao hawaishi maisha ya namna moja.

Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Ufaransa Marcel Bouché aliwagawa katika makundi makuu matatu ambayo yanatumika hadi leo. Wapo wanaoishi juu ya ardhi, ndani ya majani na samadi inayooza. Wapo wanaoishi ndani ya udongo wenyewe, wakiula na kutoboa njia za kulala. Na wapo wanaochimba mashimo marefu ya kusimama, ambao usiku hupanda juu, wakakamata jani na kulivuta chini.

Kila kundi lina kazi yake. Wa kwanza hugeuza takataka kuwa mboji, wa pili huchanganya udongo, na wa tatu hufungua njia za maji ya mvua kupenya chini. Mkulima anayenunua nyungunyungu wa mboji na kuwamwaga katika shamba kavu lisilo na samadi huwa amewapeleka mahali wasipoweza kuishi. Naye anayechimbua nyungunyungu wa shambani na kuwatia katika pipa la maganda ya ndizi hupata hasara ya namna hiyo hiyo.

Katika Amerika ya Kaskazini jina limekuwa suala la ulinzi wa misitu. Maeneo yaliyofunikwa na barafu katika zama za baridi kali yalibaki bila nyungunyungu wa asili, na misitu yake ikakua kwa maelfu ya miaka juu ya zulia nene la majani. Nyungunyungu walioletwa na wahamiaji kutoka Ulaya walianza kulila zulia hilo. Baadaye wakaja wengine kutoka Asia ya Mashariki, wanaojirusharusha kwa nguvu wanapoguswa, na ambao huuacha udongo ukiwa chembechembe kama machicha ya kahawa.

Katika jimbo la Wisconsin wageni hao walithibitishwa mwaka 2013. Wanaotajwa zaidi ni spishi tatu, Amynthas agrestis, Amynthas tokioensis na Metaphire hilgendorfi. Mara nyingi huishi mahali pamoja na hufanana sana, hivyo ripoti nyingi zilizoandikwa kuhusu mmoja wao yawezekana zilihusu mwingine, au mchanganyiko wao.

Kusoma mwili kwa nje

Njia ya kwanza ya kumtambua nyungunyungu ni ya kale, nayo huanza kwa kuhesabu.

Mwili wa nyungunyungu umegawanyika katika pingili, mfano wa muwa. Hesabu huanzia kichwani, na pingili yenye mdomo ndiyo ya kwanza. Kijinyama kidogo kinachoning'inia mbele ya mdomo hakihesabiwi, lakini umbo lake hutazamwa. Kwa nyungunyungu wa jenasi ya Lumbricus, kijinyama hicho kina ulimi unaoikata pingili ya kwanza kuanzia mbele hadi nyuma. Kwa jamaa zao wengi ulimi huo huishia katikati.

Kisha hutafutwa mkanda, yaani ile sehemu iliyovimba na yenye rangi tofauti inayoonekana kwa nyungunyungu aliyekomaa. Mkanda huo ndio unaotengeneza kifuko ambamo mayai hutagwa. Mahali ulipo ni alama kubwa ya spishi. Kwa Lumbricus terrestris mkanda hukaa kwenye pingili ya 32 hadi ya 37. Kwa ndugu yake mdogo, Lumbricus rubellus, hukaa kwenye pingili ya 27 hadi ya 32. Kukosea kuhesabu kwa pingili chache kwatosha kumpa mnyama jina lisilo lake.

Umbo la mkanda nalo husema. Kwa nyungunyungu wa familia ya Ulaya mkanda umekaa kama tandiko juu ya mgongo wa punda, bila kuzunguka tumbo lote. Kwa wale wa Asia wa jenasi ya Amynthas ni pete kamili, nayo iko mbele zaidi, kwenye pingili ya 14 hadi ya 16.

Alama ya tatu ni vinywele vigumu ambavyo mnyama huvitumia kushikilia udongo anapotembea. Kwa kawaida havionekani kwa macho matupu, lakini nyungunyungu akivutwa juu ya karatasi kavu sauti yake ya kukwaruza husikika. Wa Ulaya wana vinywele 8 katika kila pingili, vikiwa vimepangwa kwa jozi nne. Wa jenasi ya Amynthas wana vingi vilivyoizunguka pingili yote kama miiba ya ukosi.

Mwishoni hutafutwa matundu ya uzazi. Nyungunyungu ni huntha, maana kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Kwa familia ya Ulaya tundu la kiume huwa kwa kawaida kwenye pingili ya 15, ilhali kwa Amynthas liko kwenye ya 18.

Ndani ya mwili

Mambo ya nje yakiwa hayakutosha, mnyama hupasuliwa.

Nyungunyungu aliyekwisha kuhifadhiwa katika spiriti hulazwa juu ya sinia yenye nta, mgongo ukielekea juu. Hupasuliwa kwa mkasi mdogo au wembe, kando kidogo ya mstari wa katikati ya mgongo ili mshipa mkuu wa damu usikatwe. Ngozi hufunguliwa pande mbili na kushikizwa kwa pini, halafu hadubini huletwa juu yake.

Kinachoonekana ni bomba la chakula lililonyooka kutoka mdomoni hadi mkiani. Lina koo, gole la kuhifadhia chakula na firigisi ya kusagia, mfano wa firigisi ya kuku. Kwa familia ya Ulaya firigisi iko nyuma ya gole, baada ya sehemu ya uzazi. Kwa Amynthas iko mbele kabisa, karibu na pingili ya 8. Mishipa minene inayosukuma damu, ambayo vitabu huiita mioyo, huhesabiwa pia. Kwa Lumbricus ipo jozi tano, kuanzia pingili ya 7 hadi ya 11.

Lakini viungo vinavyotegemewa zaidi ni vya uzazi. Nyungunyungu wawili wanapokutana hubadilishana mbegu za kiume, na kila mmoja huziweka mbegu za mwenzake katika vifuko maalumu hadi siku ya kutaga. Idadi ya vifuko hivyo, umbo lake na pingili vilipo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Lumbricus terrestris ana jozi mbili, katika pingili ya 9 na ya 10. Wengine wana jozi zaidi, wengine wana kifuko kimoja tu, na wengine hawana kabisa.

Mtaalamu aliyezoea kazi hii anaweza kumtaja mnyama kwa dakika chache. Wataalamu wa namna hiyo, hata hivyo, ni wachache duniani, na kumfundisha mmoja huchukua miaka.

Pale macho yanaposhindwa

Njia ya kupasua ina mipaka ambayo ustadi hauwezi kuivuka.

Kwanza, nyungunyungu wachanga hawana mkanda, na viungo vyao vya uzazi havijakomaa. Katika sehemu nyingi wachanga ndio wengi kuliko wakubwa. Kwa miaka mingi watafiti waliwahesabu na kuwapima uzito, kisha wakawaandika kwa jina la jumla tu. Mayai nayo hayakuweza kutambuliwa. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya udongoni ilibaki nje ya hesabu.

Pili, jembe halichagui pa kukata. Mnyama aliyebaki nusu, bila sehemu ya mbele, hupoteza takriban alama zote zilizotajwa hapo juu. Rangi nayo hupauka akikaa katika spiriti.

Tatu, zipo spishi zinazozaa bila kupandana. Kwa baadhi yake viungo vya kiume na vifuko vya mbegu vimedhoofika au vimetoweka, hivyo mtaalamu anayevitafuta hukuta pengo.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, zipo spishi ambazo miili yao haikutofautiana ingawa zilitengana zamani sana. Maisha ya gizani ndani ya udongo hayahitaji madoa wala mapambo ya kumvutia mwenzi. Mwili unaofaa kupenya udongo huweza kubaki ule ule kwa mamilioni ya miaka, huku vinasaba vikiendelea kubadilika kimyakimya.

Herufi nne

Njia ya pili ya utambuzi husoma mabadiliko hayo ya kimyakimya.

DNA, ambayo hubeba maelekezo ya urithi, imeandikwa kwa aina nne tu za vijenzi, ambazo wanasayansi huziwakilisha kwa herufi A, C, G na T. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipendekeza kwamba kipande kimoja kifupi cha DNA kitumike kutambulisha wanyama, mfano wa alama ya mistari inayosomwa na mashine dukani. Kipande hicho kina herufi zipatazo 650, nacho ni sehemu ya jeni ijulikanayo kwa kifupi kama COI.

Jeni hiyo imo ndani ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu vilivyo katika kila seli. Ilichaguliwa kwa sababu takriban wanyama wote wanayo, kila seli ina nakala zake nyingi, na hubadilika kwa kasi ya kutosha kutofautisha spishi zilizo karibu.

Kazi huanza kwa kukata kipande kidogo cha nyama ya ngozi, aghalabu upande wa mkiani. Mtafiti hujihadhari asiguse utumbo, maana ndani yake mna udongo wenye DNA ya viumbe wengine, na jibu laweza kuwa la bakteria au mizizi. Sehemu ya mbele ya mwili huachwa nzima kwa ajili ya wapasuaji.

Kipande hicho huyeyushwa kwa dawa ili DNA itoke. Kisha mashine hukitafuta kipande cha COI na kukirudufu mara mamilioni kwa kupasha joto na kupoza kwa zamu. Mashine nyingine husoma herufi zake moja baada ya nyingine. Mfuatano unaopatikana hulinganishwa na mingine iliyohifadhiwa katika hazina ya kumbukumbu kwenye intaneti, ambayo kwa kazi hii kubwa yake huitwa BOLD.

Namna ya kuhifadhi mnyama huamua kila kitu. Kwa muda mrefu nyungunyungu walitiwa katika formalini, inayokaza mwili vizuri kwa kupasuliwa lakini inayoharibu DNA. Leo hutiwa katika spiriti kali ya asilimia 95 au zaidi. Kwa njia hii mtoto asiye na mkanda, kipande kilichokatwa na jembe, na hata kifuko cha mayai, vyote vyaweza kupewa jina.

Shahidi wa miaka 184

Kisa cha Lumbricus terrestris chaonyesha jinsi njia hizo mbili zinavyohitajiana.

Carl Linnaeus wa Uswidi alipompa mnyama huyo jina mwaka 1758, maelezo yake yalikuwa mafupi mno, kiasi kwamba yangeweza kumhusu nyungunyungu ye yote. Wala hakukubaki mnyama aliyehifadhiwa ambaye watu wangeweza kumrejea. Mwaka 1826 Mfaransa Jules-César Savigny aliwachunguza nyungunyungu kwa makini zaidi, akawagawa katika spishi kadhaa. Mmoja mkubwa akamwita Enterion herculeum. Waliokuja baadaye waliamua kwamba huyo si mwingine bali ni terrestris yule yule, na jina la Savigny likawekwa kando.

Samuel James wa Marekani, Christer Erséus wa Uswidi na wenzao waliposoma COI ya nyungunyungu wengi walioitwa terrestris, waliwakuta wamegawanyika katika makundi mawili. Tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa kubwa sawa na ile iliyopo kati ya spishi nyingine zo zote mbili za jenasi hiyo walizozilinganisha.

Ikabaki kujua ni kundi lipi lenye haki ya jina la Linnaeus. Hapo vinasaba peke yake havikuwa na jibu, kwani jina la kisayansi hufungwa kwenye mnyama mmoja maalumu aliyehifadhiwa, ambaye ndiye kipimo cha wengine wote. Watafiti wakamteua nyungunyungu wa Uswidi kuwa kielelezo kipya cha Lumbricus terrestris. Kisha wakajaribu kuchukua DNA kutoka kwa mmoja wa wanyama wa Savigny mwenyewe, waliohifadhiwa kwa miaka 184.

Shahidi huyo mkongwe alitoa herufi za kutosha kusomeka. Alikuwa wa kundi la pili. Hivyo jina la Savigny likafufuliwa, na mnyama huyo sasa huitwa Lumbricus herculeus.

Ugunduzi huo una upande wa uchungu. Majaribio mengi yaliyofanywa katika Ulaya ya Magharibi kwa muda wa miongo kadhaa yaliandikwa kwa jina la terrestris. Pale ambapo wanyama waliotumika hawakuhifadhiwa, hakuna tena njia ya kujua alitumika yupi kati ya hao wawili.

Vipimo vya sumu

Kuna mahali ambapo kosa la jina laweza kumfikia mkulima moja kwa moja.

Kabla ya kiuatilifu kuruhusiwa, hupimwa kama chaweza kudhuru viumbe wa udongoni. Mwaka 1984 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilitoa mwongozo wa kufanya kipimo hicho kwa kutumia nyungunyungu. Mnyama aliyechaguliwa ni wa mboji, kwa kuwa huzaana upesi na hufugika kwa urahisi. Jina lake ni Eisenia fetida.

Lakini fetida ana pacha wake. Mmoja ana mistari ya rangi iliyopishana mwilini, mwingine ni mwekundu mtupu. Mwaka 1972 Bouché alimtenga yule mwekundu kwa jina la andrei, akimhesabu kama aina tu ndani ya fetida. Mwaka 2005 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba hao ni spishi mbili zilizojitenga, Eisenia fetida na Eisenia andrei. Kwa muda wote huo maabara nyingi zilikuwa zikiwatumia bila kuwatofautisha.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliokusanya nyungunyungu kutoka maabara 28 zinazofanya vipimo vya sumu. COI ilionyesha kwamba majina yaliyoandikwa kwenye visanduku hayakulingana sikuzote na wanyama waliokuwemo. Zaidi ya hayo, wakati andrei alikuwa kundi moja, wale walioitwa fetida waligawanyika katika makundi mawili.

Maana yake si kwamba vipimo vyote vilivyotangulia havina thamani. Ila maabara mbili zikipata majibu tofauti kuhusu sumu moja, sharti kwanza ijulikane kama zilimpima mnyama yule yule.

Vinasaba navyo havisemi yote

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba mashine imemaliza ubishi. Sivyo.

Mitokondria hurithiwa kupitia yai peke yake. Kwa hiyo COI husimulia historia ya upande mmoja wa ukoo. Lumbricus rubellus ni mfano mzuri. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba mitokondria yake imegawanyika katika nasaba mbili zilizoachana mno, na wengi walitarajia kwamba huyu naye angetangazwa kuwa spishi mbili. Mwaka 2015 uchunguzi uliofanywa nchini Poland ulisoma sehemu nyingi sana za DNA iliyo ndani ya kiini cha seli, inayorithiwa kutoka pande zote mbili. Ulikuta kwamba nasaba hizo mbili zinapandana bila kizuizi. Kwa COI walikuwa wawili, kwa kiini ni mmoja.

Nyungunyungu wanaozaa bila kupandana huleta tatizo jingine. Spishi kwa kawaida huelezwa kuwa ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao. Pale ambapo kila mama hutoa nakala za nafsi yake, kipimo hicho hakina pa kushika.

Na hazina ya kumbukumbu haiwezi kusema zaidi ya yale iliyowekewa. Mfuatano ambao haujaingizwa bado hupewa namba, si jina. Ulioingizwa kwa jina la makosa utaendelea kulieneza kosa hilo kwa kila atakayeuliza. Kwa sababu hiyo watafiti wa leo husisitiza kwamba kila mfuatano uende pamoja na mwili uliohifadhiwa na kuandikwa namba, ili mpasuaji aweze kuurudia.

Kwa nchi za joto, mfano wa karibu ni Pontoscolex corethrurus, nyungunyungu aliyetoka Amerika ya Kusini na kuenea katika mashamba ya tropiki duniani kote. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba waliokuwa wakiitwa kwa jina hilo ni nasaba nne, na kwamba moja ndiyo iliyoenea kuliko zote. Ili kujua yupi ni corethrurus wa kweli, iliwabidi watu warudi Blumenau nchini Brazil, kwenye bustani iliyokuwa ya Fritz Müller, mwanasayansi aliyemweleza mnyama huyo katika karne ya 19. Kielelezo kipya kilichochukuliwa hapo kilitangazwa mwaka 2019.

Afrika ya Mashariki

Katika Afrika ya Mashariki, kazi ya kuwapa nyungunyungu majina ilianza mapema na ikabaki nusu njia.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya wanyama Unguja na bara, na nyungunyungu wake wakapelekwa kwa Wilhelm Michaelsen wa jumba la makumbusho la Hamburg. Mwaka 1890 Michaelsen alianzisha jenasi kadhaa mpya, miongoni mwazo Polytoreutus na nyingine aliyoiita Stuhlmannia kwa heshima ya mkusanyaji huyo. Katika kazi za namna hiyo, wenyeji waliochimba na kuonyesha njia hawakutajwa.

Wengi wa nyungunyungu hao ni wa familia ya Eudrilidae, ambayo asili yake ni Afrika kusini ya Sahara. Viungo vyao vya uzazi ni vya ajabu. Kwa wengi wao vifuko vya kupokea mbegu vimeungana na sehemu za kike kwa namna isiyoonekana kwa familia nyingine, na muungano huo hutofautiana mno kati ya jenasi na jenasi. Kwa sababu hiyo kupasua hakuepukiki.

Mmoja wa familia hiyo amekuwa msafiri mkubwa. Eudrilus eugeniae, ambaye asili yake ni Afrika ya Magharibi, anafugwa leo kwa ajili ya mboji katika nchi nyingi za joto, India ikiwemo. Maelezo yake ya kwanza ya kisayansi, ya mwaka 1867, hayakutoka bara la Afrika bali katika kisiwa cha Saint Helena, ambako alikuwa amekwisha kuhamishiwa.

Katika miaka ya 2000 Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoshiriki katika mradi mkubwa wa kimataifa wa kuchunguza viumbe wa udongoni. Kwa Kenya kazi ilifanyika Embu na Taita. Utaratibu unaotumika katika tafiti za namna hiyo ni wa jasho. Huchimbwa bonge la udongo lenye upana wa sentimita 25 kwa 25 na kina cha sentimita 30, kisha hupekuliwa kwa mkono, chembe kwa chembe.

Kinachokosekana sana ni daraja kati ya wanyama wa leo na majina ya zamani. Vielelezo vingi vimo Hamburg na London. Vilipasuliwa na kuchorwa zaidi ya karne iliyopita, na DNA yake huenda imeharibika. Njia iliyobaki ni ile ya Blumenau, yaani kurudi mahali pale pale palipotajwa katika maandishi, kuchimba upya, kupasua, kulinganisha na michoro, na kusoma vinasaba.

Muda wa kufanya hivyo hauko wazi milele. Milima kama Usambara, Uluguru na Taita imetengana kwa muda mrefu, na misitu yake inajulikana kwa mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Nyungunyungu ni mnyama mwenye mwendo wa polepole, na bonde kavu kwake ni kizuizi kikubwa. Ndiyo sababu watafiti hutarajia kwamba kila mlima waweza kuwa na wa kwake. Msitu ukifyekwa na udongo wake ukakauka, mnyama asiye na jina hutoweka bila ye yote kujua kwamba alikuwepo.

Ruhusa nazo zina nafasi yake. Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika mwaka 2014, umeweka misingi ya jinsi mali ya kijenetiki ya nchi inavyochukuliwa na faida yake kugawanywa. Chupa ya spiriti yenye nyungunyungu mmoja nayo imo ndani ya hesabu hiyo.

Jina kutoka kwenye udongo mtupu

Kuna hatua moja zaidi ambayo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi katika milima ya Alps ya Ufaransa walionyesha kwamba nyungunyungu waweza kutambuliwa bila ya wao wenyewe kuonekana. Kwa kuwa ngozi, ute na kinyesi chao huacha DNA ardhini, kiasi cha udongo chaweza kusomwa na kutoa orodha ya waliopita hapo.

Njia hiyo huokoa jasho la kupekua bonge kwa mkono. Lakini orodha inayotoka ina majina yale tu ambayo mtu fulani, wakati fulani, alikwisha kuyaunganisha na mwili uliopasuliwa na kuhesabiwa pingili. Kwa udongo wa Alps, majina mengi yalikuwa tayari. Kwa udongo wa Usambara, sehemu kubwa ya orodha ingekuwa namba tupu, hadi atakapotokea mwenye jembe, wembe na subira ya kuhesabu.